Umeme Uliobaki Ndani

Jumatatu, 4 Agosti

Niliwasha mashine saa moja asubuhi. Nusu saa ya kupasha moto, kama kila siku. Valvu nne, zile taa za kioo za ndani, zikaanza kung'aa rangi ya chungwa. Nilifuta santuri kwa brashi, nikateremsha sindano. Spika ya upande wa kushoto safi. Upande wa kulia mkwaruzo, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Hasira kabla ya chai.

Majirani huiita redio. Si redio. Sindano inapopita kwenye mfereji wa santuri hutoa mnong'ono mdogo mno, hauwezi kusukuma spika. Kisanduku hiki huukuza mnong'ono huo, tena huurudishia besi iliyopunguzwa santuri ilipochongwa. Kilitengenezwa kwa mkono huko ng'ambo, kila waya umechomelewa na mtu mmoja. Injinia mmoja mgeni aliyefanya kazi Awendo, rafiki yangu wa miaka mingi, aliniachia aliporudi kwao. Hapa Migori sijaona kingine.

Owuor, ndugu yangu wa baba mmoja, alipiga simu saa nne. Rapar ya Baba, yaani ukumbusho wake, itafanyika Jumamosi tarehe 23 kwenye boma la Baba, Homa Bay. Anataka santuri ya Baba ichezwe mbele ya ukoo wote. Baba alirekodi santuri moja tu maishani mwake: nyatiti yake, kinanda cha nyuzi nane, na sauti yake, wimbo mmoja kila upande. Nakala iliyobaki ni moja. Iko kwa Owuor. Mashine iko kwangu.

"Leta hiyo mashine, Mwalimu. Iache hapa mpaka tumalize."

Nilimwambia alete santuri Migori, niisafishe, niisikilize, nijue hali yake. Alicheka. Akasema nyumba ya pili haiiti nyumba ya kwanza.

Mama yake alikuwa mikayi, mke wa kwanza. Mama yangu alikuwa wa pili. Ninamzidi Owuor miaka mitatu. Nimefundisha miaka thelathini na saba. Kwake bado mimi ni wa nyuma.

Nilikata simu. Ninamchukia. Si neno zito kuliko ninavyohisi.

Jumatano, 6 Agosti

Apiyo alikuja. Fundi wa redio na televisheni, kibanda chake kiko nyuma ya soko. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mikono myepesi, maneno mengi. Huniita japuonj, yaani mwalimu. Alibadilisha valvu moja, mkwaruzo ukaisha. Kisha akakiinamia kisanduku, akanusa.

Harufu ya kuungua. Rezista moja imekatika. Kazi yake ilikuwa kumwaga umeme unaobaki kwenye kapasita, vile vikebe vinavyotunza umeme, baada ya mashine kuzimwa. Sasa haumwagiki. Volti mia tatu zinakaa ndani hata plagi ikiwa imechomolewa.

Alinionyesha. Alizima, akachomoa plagi, akahesabu hadi mia moja kwa sauti, akagusisha bisibisi. Mlio kama bunduki. Cheche ya buluu. Ncha ya bisibisi ilimeguka. Jikoni, Dorina mke wangu alidondosha sufuria.

"Umeona, japuonj? Hiyo ingekuwa kidole yako, saa hii tungekuwa tunatafuta hema ya matanga."

Ataagiza kipuri Nairobi. Mpaka kifike, mtu asifungue kifuniko bila kumwaga umeme kwanza kwa kijiti alichonitengenezea: ubao mkavu, waya, rezista kubwa ya kauri. Niliandika onyo kwa wino mwekundu, nikalibandika juu ya kifuniko. HATARI. USIFUNGUE HATA IKIWA IMEZIMWA. MWAGA UMEME KWANZA. Herufi zilinyooka. Nilifurahi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilikwenda Homa Bay kuzungumza. Sikuzungumza.

Owuor alikuwa barazani na wageni sita, akiwachezea santuri ya Baba kwenye gramafoni ya sanduku, plastiki nyekundu, aliyoinunua sokoni. Mkono wa sindano ulikuwa ukirukaruka. Kwa hiyo alikuwa ameubandika sarafu ya shilingi ishirini kwa selotepu ili uzame. Sauti ya Baba ilitoka kama bati linalokwaruzwa. Niliinama. Kwenye ncha ya sindano kulikuwa na vumbi jeusi. Vumbi hilo ndilo santuri yenyewe. Alikuwa anamchuna Baba ngozi mbele ya watu, nao wanapiga makofi.

Nilimwambia aondoe sindano.

"Keti, Mwalimu. Kengele ya kwenda nyumbani ilishalia zamani."

Walicheka. Nilimpiga fimbo. Ya kwanza begani, ya pili mdomoni. Jino lilitoka. Alinyanyuka na kigoda, akanipiga nacho kwenye paji la uso, damu ikaniingia machoni. Wazee wawili tuliopita miaka sabini tukabingirika kwenye kinyesi cha kuku. Nilimpata koo. Niliona macho yake yanatoka. Nikaendelea kukaza. Watu watatu walinibandua kutoka juu yake.

Akoth, mkewe, alipiga kelele kuwa damu imemwagika, na kwamba tusile pamoja tena hadi tutakapokunywa manyasi, dawa ya kuwatakasa ndugu waliotoana damu. Owuor alitema damu chini. Akasema ataifuata mashine Migori, kwa mguu wake, na nisubiri.

Nimeshonwa nyuzi tano kwenye paji la uso. Mkono wa kulia umevimba kwa nguvu za kukaba.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Mchungaji alihubiri kuhusu kusamehe. Sikusikiliza. Nilikuwa nikikumbuka ulaini wa koo lake.

Jumanne, 12 Agosti

Miwa ya shamba langu la Awendo imeungua. Yote. Nilifika saa sita, nikakuta mashina meusi na panya waliobanikwa. Moshi ulikuwa bado unatoka ardhini. Majivu yaliniangukia kwenye kola.

Hakuna aliyeona kitu. Hakuna anayeona kitu moto unapowashwa kwa makusudi. Wakati wa kurudi nilitembea kilomita mbili kabla ya kukumbuka kupanda gari.

Ni Owuor. Alisema nisubiri. Huku ndiko kusubiri alikokusema.

Alhamisi, 14 Agosti

Dorina anasema niende kwa chifu. Sitaki chifu.

Ninataka Owuor afe. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli, na daftari hili halina msomaji mwingine.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Saa tatu asubuhi niliona pikapu ikikata kona. Nilimtambua Owuor kwa kofia yake. Nyuma walikaa wanawe wawili, watu wazima, mmoja na rungu, mmoja na panga.

Nilikuwa na muda wa kufunga lango. Nilikuwa na muda wa kuwaita majirani. Niliingia chumbani, nikalibandua onyo jekundu kutoka kwenye kifuniko, nikalikunja, nikalitia mfukoni mwa koti. Kijiti cha Apiyo nilikisukuma chini ya kabati. Kisha nikatoka na fimbo.

Nilipigana kweli. Hilo nalo niliandike. Nilitaka wasiichukue, na nilitaka waichukue. Mwenye rungu nilimpata kifundo cha mkono, akalia kama mtoto. Mwenye panga alinipiga kwa ubapa wake mbavuni, mara tatu. Nilisikia ubavu ukivunjika kabla ya kuhisi maumivu. Dorina alimrukia, akamuuma shavuni. Kijana alimsukuma ukutani. Dorina alikaa chini, mdomo umejaa damu isiyo yake, akamtukana kwa majina ya babu zake wote. Sijawahi kumpenda kama dakika ile.

Owuor hakunigusa. Alisimama akitazama, mdomo bado umevimba, pengo mbele.

Walibeba nje kichezeo cha santuri, spika na mashine yenyewe, wakaigonga mashine kwenye ukingo wa pikapu. Nilisikia valvu moja ikicheza kwenye soketi yake. Nilijua papo hapo: itakapowashwa, upande mmoja hautalia. Nilijua atafungua kifuniko atazame. Maisha yake yote Owuor amefungua redio za betri, zile za wavuvi. Betri ikitoka, redio imekufa, unaingiza mkono. Atachomoa plagi, atajiona mwangalifu, ataingiza mkono.

Alirudi akanichutamia mahali nilipoanguka.

"Haya, Mwalimu. Inawashwaje? Kuna kitu napaswa kujua?"

Nilimjibu kwa ukamilifu. Kwanza, unganisha nyaya zote kabla ya kuwasha. Pili, washa na usubiri nusu saa. Tatu, usiisogeze ikiwa moto. Nne, ukimaliza, zima na uchomoe plagi.

"Basi?"

"Basi."

Aliniwekea fimbo yangu kando ya mkono. Wakaondoka.

Jumapili, 17 Agosti

Mbavu zimefungwa kwa bendeji. Kupumua ni kazi. Sikwenda kanisani.

Saa nane mchana Dorina alichukua koti langu alishone mahali lilipopasuka. Akatia mkono mfukoni. Alilinyoosha lile onyo mezani kwa kiganja, akalisoma, akanitazama. Yeye ndiye aliyedondosha sufuria siku ile. Hakuhitaji kuelezwa.

"Mpigie."

Nilikataa. Akaniita baba wa Achieng, binti yetu, kama afanyavyo jambo likiwa zito.

"Wuon Achieng, mpigie sasa hivi. Yule si mwizi wa kuku. Mmenyonya kwa baba mmoja."

Baba hanyonyeshi. Nilikaribia kumrekebisha.  Nikamwambia miwa yangu imeungua. Nikamwambia mbavu zangu zimevunjika. Nikamwambia kila mtu mzima huwajibika kwa mahali anapoingiza mkono wake. Niliongea vizuri, kama barazani. Alitaka kutumia simu yangu, maana yake haikuwa na chaji. Niliikalia.

Mzee wa miaka sabini na tano, amekalia simu.

Dorina alitoka nje akaketi na mgongo wake kwangu hadi giza lilipoingia.

Jumatatu, 18 Agosti

Sikulala. Saa kumi na mbili asubuhi nilimpigia Owuor. Simu imezimwa. Nikapiga tena. Tena. Nikampigia Akoth.

Ilitokea jana saa kumi alasiri.

Alisema kwa sauti ya chini, bila kulia, kama anayesoma. Owuor aliwasha, akasubiri nusu saa akiangalia saa ukutani. Upande mmoja ukanyamaza. Akazima. Akachomoa plagi, tena akawaonyesha watoto plagi mkononi: mnaona, hivi ndivyo mtu hujilinda. Akafungua kifuniko. Akaingiza mkono wa kulia. Mlio. Alirushwa nyuma, akaanguka kutoka barazani, kichwa kwenye ngazi ya saruji. Damu sikioni. Vidole viwili vimeungua hadi rangi nyeupe. Yuko hospitalini. Anapumua. Mfupa wa kichwa umepata ufa.

Dorina aliniomba simu saa nane. Ilitokea saa kumi. Saa mbili nzima nilikuwa nimezikalia.

Nilikwenda chumbani, nikakivuta kijiti cha Apiyo kutoka chini ya kabati. Mbavu zilizovunjika zilinichoma nilipoinama. 

Jumanne, 19 Agosti

Jirani wa shamba la Awendo alikuja, kofia mkononi. Moto ulikuwa wake. Vibarua wake walikuwa wakichemsha chai pembeni mwa miwa, upepo ukageuka. Aliogopa kusema. Alisikia nina ugomvi na ndugu yangu, akaona vibaya kunyamaza.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Niliipiga meza ngumi, kikombe kikavunjika, kiganja kikachanika. Alidhani ni kwa ajili ya miwa. Akaomba msamaha tena.

Jumatano, 20 Agosti

Homa Bay, hospitalini. Dorina alikataa kuandamana nami. Alisema safari hii ni yangu.

Owuor amelala kitanda cha pili kutoka mlangoni. Kichwa kimefungwa. Mkono wa kulia umefungwa. Uso umekuwa mdogo. Sikio la kulia halisikii tena na daktari hakumpa matumaini. Nilizunguka kitanda hadi upande wa kushoto.

Nilimwambia. Kulikuwa na onyo juu ya kifuniko. Nililiandika mimi, nikalibandua mimi nilipoiona pikapu. Nilijua. Ulipouliza, nilijua. Sentensi fupi. Sikuongeza sababu. Sikutaja miwa.

Alitazama dari.

"Nimewaza hapa," alisema. "Utotoni hukuniacha nile samaki kwa amani. Angalia mwiba, Owuor. Angalia mwiba. Kila siku. Hata juzi ulinionya nisiisogeze ikiwa moto. Halafu ukasema basi." Alivuta pumzi. "Nilipaswa kushtuka hapo. Wewe huna basi."

Nilimwambia nitakwenda polisi mwenyewe.

"Uwaambie nini? Kwamba nilikuja kwako na panga kukunyang'anya?" Alianza kucheka, maumivu yakamkata, akafumba macho. Alipoyafumbua hakukuwa na kicheko. "Wanangu walikuvunja mbavu ngapi?"

"Mbili."

"Mke wako alimuuma mwanangu Oluoch vibaya sana."

 Muuguzi alipita na toroli la dawa.

"Jumamosi Baba achezwe," alisema. "Watu wamealikwa. Mlete huyo fundi wako aitengeneze, aiwashe yeye. Mimi sitaigusa, na wewe hutaigusa." Kisha: "Sasa toka, omera, ndugu yangu. Sitaki kukuona. Sijui ni kwa muda gani."

Nilitoka. Niliteremka ngazi moja moja, nikishikilia ukuta. Mlinzi alinishika mkono akaniita mzee wangu. Sikustahili.

Ijumaa, 22 Agosti

Kipuri kilifika jana. Nilimweleza Apiyo yote kabla hajafunga begi, ili achague mwenyewe kama atakwenda. Aliacha kazi, akanitazama kama mdudu aliyemkuta ndani ya redio.

"Mimi nilikutengenezea ile kijiti ndio mtu asikufe, japuonj."

 Alichukua valvu za akiba, sindano mpya, na kijiti chake. Alikwenda Homa Bay peke yake.

Jioni alinitumia ujumbe. Rezista imewekwa, imepimwa, umeme unamwagika wenyewe ndani ya dakika moja. Pande zote mbili zinalia. Gramafoni nyekundu ameiondoa barazani. Owuor ameruhusiwa kurudi nyumbani.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilifika saa nane mchana. Wazee walikuwa wameamua kuwa nisipite langoni kabla ya manyasi, na manyasi yatangoja hadi Owuor apate nguvu. Walisema huenda ni mwezi, huenda ni zaidi. Ni haki. Nilisimama nje ya ua wa minyaa.

Dorina aliingia. Yeye hana kosa.

Baada ya muda Akoth alitoka na kiti cha plastiki. Alikiweka nje ya lango, akahakikisha miguu yake imekaa sawa kwenye changarawe.

"Amesema ukae," alisema. Hakunitazama.

Niliketi. Kupitia matawi nilimwona Apiyo akiwasha. Nusu saa. Watu walisali, mtoto mmoja alilia, mchungaji akasema maneno machache. Owuor alikuwa kwenye kiti chenye mto, bendeji nyeupe kichwani. Alimwambia mtu jambo, wakamgeuza kiti pembeni, sikio la kushoto likaelekea kwenye spika.

Sindano ikashuka. Kabla ya nyatiti, Baba akakohoa. Sikuwahi kujua kuwa kuna kikohozi pale. Miaka yote sikuwahi kukisikia. Kikohozi kidogo, cha mtu anayesafisha koo akiwa na wasiwasi mbele ya wageni. Kisha nyuzi nane, kila moja mahali pake, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mbao. Kisha sauti yake. Alikuwa kijana. Simkumbuki akiwa kijana.

Katikati ya wimbo kuna sehemu iliyochubuliwa na ile sindano nzito. Haiwezi kutengenezwa. Ilipita, sauti ikarudi.

Walicheza upande wa pili. Hakuna aliyepiga makofi.

Halafu masufuria yakafunguliwa, na chakula kikaanza kugawiwa. Bado hatuli pamoja. Nilinyanyuka, nikakiegemeza kiti kwenye nguzo ya lango ili wakione. Dorina atabaki hadi kesho kuwasaidia wanawake. Nilitembea polepole hadi barabarani. Jua lilikuwa bado juu.